Tukigombana Sisi, Wao Wanakaa Wapi

Mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, ninyi mnaoanza uinjilisti sasa, na nimelichelewesha ombi lenu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Habari za vyeo sina. Za posho mnazijua wenyewe, tusianze kulia mapema. Kuongoza ibada, kutunza kanzu isichakae kwapani, na kuhubiri mazishini bila kutaja kwamba marehemu alipenda pombe, hayo mtajifunza kwa kuyafanya. Nimeamua kuandika jambo moja ambalo chuoni hawalifundishi: waumini hufanya nini kanisa linapoingia kwenye mgogoro. Maana litaingia. Mgogoro wa kanisa ni kama baridi ya kijiji cha Daudi nilikozaliwa. Siku ukiusahau ndiyo siku unayotoka bila koti.

Nitawaandikia pia habari za wivu. Wivu uko ndani ya kazi hii kama buti za mvua na tochi. Mtumishi akiwaambia kwamba hajawahi kumwonea wivu mtumishi mwenzake, mpeni chai, msimwamini.

Nilifika Gitting asubuhi ya ukungu, mlima Hanang hauonekani kabisa, nimebeba sanduku la bati na kanzu ambayo fundi wa Mbulu mjini aliishona ndefu kana kwamba nitaendelea kukua. Mwinjilisti niliyekuja kumpokea kazi alikuwa Mzee Yona, mtu mfupi, mtaratibu, aliyekuwa anastaafu. Nilimwamkia, akaitikia, akachukua sanduku langu. Nilidhani atanionyesha kanisa. Akalipita. Alichonionyesha ni rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inia mtini, ndiyo kengele yetu, akaniomba niigonge kwa upole kwa sababu jirani alikuwa na ng'ombe mwenye woga. Kisha tukazunguka nyumba za waumini mpaka jua likashuka.

Kila nyumba alifanya vilevile. Aliketi kwenye kigoda, alipokea maziwa ya mgando, aliuliza habari za maharage na mvua, akanyamaza. Hakuuliza mtu kama anasali. Jioni tukirudi akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu nimeona watu wakarimu.

"Ndiyo, wakarimu," akasema. "Lakini yule wa kwanza na yule wa pili hawasalimiani tangu tuchague wazee wa kanisa. Hukuona njia kati ya nyumba zao imeota majani?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa natazama matope yasinichafulie viatu.

Akanieleza polepole. Waumini wa huku, alisema, hawabishani na mtumishi. Wanakuacha useme, wanakuitikia vizuri, halafu wanabadilisha njia ya kupita. Ukitaka kujua mgogoro umefika wapi usisikilize kikao, angalia njia zao. Na kanisani angalia mabenchi. Kwetu kila familia ina benchi lake bila kuandikiwa na mtu. Anayeanza kukasirika husogea benchi moja nyuma. Jumapili nyingine anasogea tena, anakusalimu kwa furaha zaidi kuliko zamani, na akishafika benchi la mlangoni ujue umebakiwa na muda mfupi. Tangu hapo sikupanda tena madhabahuni bila kutazama kwanza nani kahama kiti. Nawapa na ninyi kifaa hicho, hakihitaji betri.

Mzee Yona aliondoka baada ya mavuno. Onyo lake la mwisho lilikuwa nisiwe na haraka ya kufafanua. Hilo sikuliweza. Mimi nimeumbwa kufafanua. Nikimwona mtu amekunja uso nadhani hajaelewa, kumbe pengine ameelewa sana.

Mgogoro wangu wa kwanza ulikuwa wa magitaa. Vijana waliokuwa wakisoma Arusha walirudi na gitaa la umeme na spika, wakataka kuimba mapambio kwa kurukaruka. Wazee wakasema huo si uimbaji, ni mazoezi. Viongozi wetu wa juu nao wakagawanyika, huyu anaruhusu, yule anakataza, na kila upande ukituma mjumbe Gitting kutueleza kwamba upande wa pili umepotoka. Mimi nikaandaa mafundisho. Jumapili baada ya Jumapili nilieleza maana ya sifa, tofauti ya shangwe na kelele, na jinsi kinanda chenyewe tunachokipenda kilivyokuwa kigeni kilipoletwa mara ya kwanza. Walinisikiliza vizuri mno. Mlangoni walinishukuru. Mama mmoja alinishika mikono yote miwili akasema sasa ameelewa kabisa, na Jumapili iliyofuata hakuja.

Alikuwa Gendabi, kijiji cha chini yetu. Huko kulikuwa na mtaa kama wetu, wa kanisa lilelile, na mwinjilisti mpya aliyeitwa Elia. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mrefu, mtoto wa wafugaji, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hajui kuimba. Nasema hivi bila ubaya, hata mwenyewe anajua. Akianzisha wimbo kwaya husubiri amalize ndipo ianze upya. Mahubiri yake yalikuwa mafupi kiasi kwamba yanaisha wengine bado wanaegesha baiskeli. Na ndiye huyo watu wangu waliyemfuata, wakipita njia ya mashamba ya ngano wamevaa nguo zao nzuri.

Sijui niwaeleze vipi hisia ile. Si chuki. Ni kama kupika, ukakoroga vizuri, ukaweka chumvi ya kutosha, halafu ukawaona wanao wanakula kwa jirani ugali mkavu na wanaomba waongezewe. Nilianza kuwauliza watu kwa ujanja, "Naona mmetokea chini, huko mvua imenyesha?" Nilianza kumsifu Elia kwa ile sifa ya kumshusha mtu: ni mzuri sana kwa wanaoanza imani. Tulipokutana kwenye semina aliniamkia kwanza, "Shikamoo dada," kwa adabu yote, nami nikaitikia nikiwaza kwamba hata shikamoo yake ni tamu kuliko ya wengine, ndiyo maana.

Mgogoro wa magitaa haukuisha kwa uamuzi wowote. Spika iliungua, umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na kanisa likawa kimya hata wazee wakagundua kwamba wajukuu wao hawaji tena. Wazee walewale ndio waliomtafuta fundi. Waliokuwa Gendabi walirudi mmoja mmoja, wakakaa mabenchi yao, na hakuna aliyesema alikuwa wapi. Ndugu zangu, hapo msiulize. Mtu akirudi kwenye benchi lake amekwisha kusema kila kitu.

Mgogoro wa pili ulikuwa wa maji. Walikuja wahubiri wageni wakafundisha kwamba ubatizo wa utotoni si ubatizo, mtu lazima azamishwe. Viongozi wetu wakaonya kwamba atakayezamishwa atatengwa na meza ya Bwana. Nikafafanua tena, safari hii kwa picha nilizochora kwenye karatasi kubwa. Waumini wakakubaliana nami wote. Halafu wakawa wanakwenda bwawani siku ya mnada wa ng'ombe, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayeuliza mtu ametoka wapi. Wengine walirudi na kanga mbichi na kusema wamenyeshewa, anga jeupe.

Mmoja wao alikuwa mama kijana mwenye ulimi mwepesi, ninyi mnamfahamu kama Mama Neema. Mwezi uleule aliotoka bwawani alikuja kwangu amembeba mtoto mchanga, ndiye Neema mwenyewe, akitaka nimwandikishe ubatizo wetu wa kawaida. Nikashangaa. Nikamkumbusha kwa upole kwamba yeye mwenyewe, kama watu wanavyosema, ameukataa ubatizo wa namna hiyo.

"Mwalimu, yale yalikuwa yangu," akasema. "Haya ni ya mama mkwe."

Nikamwandikisha. Siku ya ubatizo aliyemshika mtoto, yaani msimamizi wake, alikuwa Bibi Esta, mke wa Mzee Bura. Mzee Bura alikuwa kiongozi wa baraza letu la wazee wa kanisa, mtu mnyoofu na mgumu. Bibi Esta hakujaliwa mjukuu karibu naye, wajukuu wake wote walikuwa wamezaliwa mbali mijini. Alimchukua Neema akawa wake. Mkumbuke hilo mkiendelea kusoma.

Kipindi hicho cha maji watu wangu walirudi tena Gendabi, wengi kuliko mara ya kwanza. Nilivumilia mpaka siku moja nikamuuliza Mama Neema, kwa kuwa ndiye asiyenificha, huyo Elia anawapa nini. Akafikiri.

"Hatupi kitu," akasema. "Anakuja, anakunywa maziwa, anaangalia ng'ombe, anaondoka. Wewe Mwalimu ukija tunajiandaa."

"Mnajiandaa nini?"

"Majibu."

Nililala na neno hilo siku nyingi.

Jibu lenyewe nililipata Katesh, kwenye hoteli ya chai karibu na stendi. Mwenye hoteli, Mzee Salimu, alikuwa anatufahamu sisi wainjilisti kwa sababu kila kanisa likichafuka tunaitwa vikao mjini, na vikao vikiisha tunakwenda kwake. Siku hiyo nilikaa meza moja na Elia kwa kukosa nafasi kwingine. Mzee Salimu akaja na birika.

"Wapendwa, safari hii mnagombania nini?" akauliza. "Nijue kama niweke maji mengi au kidogo."

"Weka mengi, mzee," Elia akamjibu. "Hili lenyewe ni la maji."

Tukacheka wote. Kisha Elia akanigeukia na uso wa mtu aliyebeba neno muda mrefu. Akaniuliza mimi nina dawa gani, maana watu wake wakichafukwa kidogo tu wanapanda kwangu Gitting. Nikamuuliza watu gani. Akawataja: familia ya yule mwenye trekta, na wale dada wawili wanaoimba sauti ya pili. Wakati wa magitaa walikuwa kwangu, na sasa wakati wa maji wamerudi kwangu tena. Mimi niliwadhani ni wageni wenye ndugu Gitting. Niliwapa hata viti vya mbele.

"Walikuambia wanakuja kwa nini?" nikamuuliza.

"Wanasema wewe unafafanua. Mimi sifafanui."

"Wangu wanasema mimi nafafanua mno."

Elia alicheka mpaka chai ikamwagikia mkate wangu. Mimi sikucheka sana, mkate ulikuwa wangu.

Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Kanisa linapogombana, muumini hatafuti mtumishi bora. Anatafuta mtumishi asiyejua njia za nyumbani kwake. Kwa mtumishi wake kila ukimya wake unasomwa na kila kiti anachokaa kinahesabiwa. Akienda kwa jirani anakuwa mgeni, na mgeni haulizwi msimamo. Anapumzika huko mpaka viongozi wamalize kupigana, kisha anarudi. Kwa hiyo msiwafukuzie njiani. Na wa jirani wakija kwenu, wapeni kiti, msiwape mahojiano.

Nilielewa hivyo, na kuelewa hakukuniponya. Wale waliotoka kwa Elia niliwaona ni wageni. Wale waliotoka kwangu niliwaona ni wanangu. Niliendelea kumwonea wivu, sasa kwa ufahamu zaidi.

Mgogoro wa mwisho mmeuona wenyewe. Viongozi hawakuelewana makao makuu mapya yawe wapi, na kabla hatujajua kulikuwa na pande mbili, kila upande na mchungaji wake na muhuri wake. Mambo yaliyokuwa yakisemwa kwenye vikao sasa yalisemwa kwenye simu. Kila asubuhi kulikuwa na sauti ya mtu kwenye kundi la wasapu akilia au akilaani. Makufuli yalibadilishwa. Mtaa wetu wa Gitting ulibaki upande wa zamani, Gendabi wakaenda upande mpya, na ile njia ya ngano ambayo watu wangu waliipita kupumzika ikawa mpaka. Ukionekana huko umehama.

Mimi nilikuwa na darasa la kipaimara, la mwisho kabla ya kustaafu. Nililianza tukiwa bado kanisa moja, na ndani yake walikuwamo watoto wa pande zote. Neema alikuwamo, sasa binti mrefu mwenye maswali. Mzee Bura alitangaza barazani kwamba mtoto atakayepokea kipaimara Gendabi si wetu, na wazazi wake si wetu. Sikumwona mbaya. Kanisa lile alilibebea mawe mgongoni akiwa kijana. Wivu wake ulikuwa wa mtu aliyejenga, nao ni mkali kuliko wa mtu anayefundisha.

Nikangoja nione waumini watafanya nini. Kina baba walitoa matamko. Kina mama walikutana jikoni kwa Mama Neema kumenya viazi, wakatoka na uamuzi ambao hakuna aliyeuandika: watoto wote watamaliza mafundisho kwangu, pamoja, halafu siku yenyewe kila mtoto atapokea kipaimara mahali baba yake anaposali. Nusu nzuri ya darasa langu ikawa ya Gendabi. Baba yake Neema alikuwa na ndugu zake huko, naye alikuwa amekwisha kuhama. Nilifundisha mpaka siku ya mwisho nikijua kwamba nimelima shamba na atakayesimama nalo siku ya mavuno, akapigwa picha, ni Elia.

Siku chache kabla, Mama Neema alikuja nyumbani kwangu. Hakuketi. Mnajua utaratibu wetu: mtoto anapopiga magoti kuwekewa mikono, msimamizi aliyemshika siku ya ubatizo anasimama nyuma yake na kumwekea mkono begani. Kama huyo amekufa au hawezi, anakuwa aliyemlea mtoto kiimani. Hachukuliwi jirani yeyote tu. Sasa Mzee Bura alikuwa amemkataza mkewe kukanyaga Gendabi, na mchungaji wa upande mpya amesema mtoto asiye na msimamizi asubiri darasa lingine. Neema alikuwa anakwenda shule ya bweni mbali. Darasa lingine asingeliona.

Nikamfafanulia. Nilimweleza kwamba kipaimara hakina haraka, kwamba huko bwenini kuna makanisa, kwamba Mungu haangalii tarehe. Yote yalikuwa kweli.

"Sawa Mwalimu," akasema. "Nimeelewa."

Nilikwisha kulisikia neno hilo mara za kutosha kujua maana yake.

Jumapili hiyo sikuwa na zamu. Nilivaa gauni la kawaida na kitenge, nikapita njia ya ngano mchana kweupe, nikasema moyoni kwamba mwalimu ana haki ya kuwaona wanafunzi wake. Kwa kweli nilitaka pia kumwona Elia akikosea. Nilikaa benchi la mlangoni pamoja na kina mama wenye watoto wachanga. Kanisa lilikuwa limejaa, na nje wamesimama hata majirani zao wafugaji, waliokuja kwa ajili ya Elia ingawa hawasali. Elia akaanzisha wimbo vibaya, watu wote wakacheka kwa upendo, na mimi nikaumia kuona kwamba hata kosa lake linapendwa. Akaita watoto mmoja mmoja. Walijibu maswali bila kigugumizi. Watu wakageukiana wakisema Elia amewafundisha hasa. Nilikaza kitenge.

Neema alipopiga magoti, nyuma yake palikuwa wazi. Mchungaji akangoja. Watu wakageuka kutazama mlangoni kama vile Bibi Esta angetokea. Elia akanitazama moja kwa moja na hakusema kitu, kutosema ndiyo kazi yake. Mama Neema akatoka mbele, akapita katikati ya mabenchi mpaka nilipokaa.

"Mwalimu, njoo usimame."

"Mama Neema, mimi ni wa upande ule."

"Neema hana upande. Ana bega tu, na liko wazi."

Nilikuwa na mengi ya kumweleza. Kwamba kila mwenye simu mle ndani alikuwa anapiga picha. Kwamba nimebakiza muda mfupi kumaliza utumishi wangu bila doa, na wazee wangu hawatanielewa. Lakini binti alikuwa anatazama chini, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu aliyezoea tayari kwamba hakuna anayekuja. Nikainuka. Nilipomwekea mkono begani alitetemeka. Elia akalisoma jina la ukoo wake kimakosa, nikamsahihisha kwa kunong'ona, naye akarudia sawasawa, na mchungaji akaendelea. Sitaficha kwamba nilifurahia kumsahihisha.

Video ilifika Gitting kabla yangu.

Baraza liliniita juma hilohilo. Mzee Bura aliuliza swali moja tu, nilisimama upande gani. Nikamjibu nilisimama nyuma ya mtoto. Akasema hilo silo aliloniuliza. Alisema hivyo kwa huzuni, si kama mshindi. Wakaamua kwamba nisiongoze ibada tena mpaka siku yangu ya kustaafu ifike. Elia alinipigia simu akitaka aje kunitetea. Nikamkatalia. Wivu wangu ulikuwa bado unatosha kukataa kuokolewa naye.

Basi nikamaliza utumishi nikiwa nimekaa kwenye benchi kama muumini, jambo ambalo nawatakia kila mmoja wenu alipate hata kwa muda kidogo. Mzee Bura mwenyewe ndiye aliyehubiri. Alifafanua kila kitu, kisha akafafanua alichokifafanua, na kwa mara ya kwanza nikajua mtu anachoka wapi, ni hapa kati ya mabega. Wengine waliacha kunisalimia. Wengine walileta viazi na mahindi mlangoni kwangu, wakaviacha bila kubisha hodi. Hakuna aliyeniambia nilifanya vema au vibaya. Walipita tu, na kwa njia walizopita nilijua nani ni nani.

Siku za mwisho hizo, nikiwa nyuma ya nyumba nachambua maharage, alikuja Bibi Esta. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya kipaimara. Alikuwa amepitia mashambani, si barabarani. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kigoda, akaketi ng'ambo ya ungo akaanza kuchambua na yeye, mabovu huku, mazima huku. Alifanya hivyo muda mrefu.

"Mkono ulimwekea bega gani?" akauliza.

"La kulia."

"Alitetemeka?"

"Kidogo. Halafu akatulia."

Akatikisa kichwa taratibu, macho kwenye maharage. "Hata siku ya maji alitetemeka hivyohivyo mikononi mwangu," akasema. "Halafu akatulia."

Akachukua harage moja, akaligeuza, akalirudisha.

"Nakuonea wivu, Mwalimu."

Miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Maneno yalinijia mengi, ya faraja, ya kweli, yamepangika. Nikasogeza ungo ukawa karibu naye zaidi, tukaendelea kuchambua.